Kombora Lililonunuliwa kwa Fomu ya Panya

Nchi ya Tandabui msiitafute kwenye ramani. Ramani yenyewe ilipelekwa wizarani kupigwa muhuri na tangu siku hiyo haijaonekana. Lakini nchi ipo, watu wake wapo, na serikali yake, Mungu aijalie maisha marefu, ipo kila mahali.

Jumatatu moja Baraza la Mawaziri la Tandabui liliamua kununua kombora la balistiki kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Msidhani walikurupuka. Mtukufu Rais alikuwa ametoka kwenye mkutano wa marais wa kanda, na huko, wakati wa chakula cha mchana, rais aliyeketi kulia kwake alisimulia habari za kombora lake, aliyeketi kushoto naye akasimulia lake, na zamu ilipomfikia yeye akajikuta anausifia wali. Akarudi nyumbani amenuna. Mawaziri walipomwona amenuna, nao wakanuna kwa mshikamano, na kabla chai haijapoa wakawa wamekwisha kupitisha kwamba usalama wa taifa unahitaji kombora. Moja, kwa kuanzia.

Faili likashuka. Kutoka kwa Rais likaenda kwa Waziri wa Ulinzi na Sherehe za Kitaifa, kutoka kwa Waziri likaenda kwa Katibu, kutoka kwa Katibu likaenda likizo na mtu aliyekuwa amelishika, likarudi, na mwishowe likatua juu ya meza ya Bwana Hemedi Mbaruku, Afisa Manunuzi Daraja la Pili.

Hemedi alikuwa amekaa kwenye meza ile miaka ishirini na saba. Alikuwa amenunua viatu vya askari, mahema, bendera, vyandarua, na mwaka mmoja tarumbeta kubwa ambayo hadi leo hakuna anayejua iliagizwa na nani. Alikuwa mtu mpole, mnyoofu, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuvumilia nafasi iliyoachwa wazi kwenye fomu. Hata sehemu iliyoandikwa "kwa matumizi ya ofisi tu" aliitazama kwa uchungu.

Basi akatafuta fomu ya kununulia kombora. Haikuwepo. Akapekua kabati zote tatu. Palikuwa na fomu ya kununua farasi, fomu ya kununua mafuta ya taa, fomu ya kununua vazi la mkuu wa majeshi. Iliyokaribia kabisa, kwa maana ya kitu kinachowekwa mahali ili kimuue mtu asiyetakiwa, ilikuwa Fomu Namba Tisa: Maombi ya Sumu ya Panya. Hemedi akaitoa nakala, akaipeleka kwenye kamati.

Kamati ilikuwa na watu kumi na wanne, na mwenyekiti wake alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Makungu Bilauri, mtu aliyezoea kusimama hata anapouliza saa.

"Ndugu wajumbe," alisema akisimama, "leo historia imetukalia magotini. Bwana Hemedi, soma."

"Swali la kwanza," Hemedi akasoma. "Aina ya mharibifu. Panya, buku, mchwa, au mengineyo."

Wajumbe wakatazamana. Ndipo ilipobainika kwamba Tandabui, kwa uzembe wa awamu zilizopita, haikuwa na adui. Mataifa makubwa yote yalikuwa marafiki, tena yalikuwa yanatuletea unga. Upande wa mashariki kulikuwa na ziwa. Upande wa kaskazini kulikuwa na mlima ambako mkuu wa majeshi alikuwa amejenga hoteli. Ikabaki jirani wa magharibi, Jamhuri ya Patashika.

"Lakini wale ni watani zetu," alisema mjumbe mmoja kwa wasiwasi. "Walipokufa wazee wetu si ndio waliokuja kulala kwenye jeneza wakidai kuku?"

"Ndiyo sababu ninawapendekeza," alijibu Waziri. "Mtani hakasiriki. Ukimpiga asiye mtani, utaleta vita. Andika mengineyo."

Hemedi akaandika. Swali la pili lilihusu madhara ambayo mharibifu amekwisha kuyasababisha. Hapo kamati ilichemka, maana kila mtu alikuwa na lake. Patashika walitufunga mabao matatu kwa moja, na la tatu lilikuwa la kuotea. Redio yao inasikika vizuri huku kwetu kuliko yetu. Wanasema pilau ilianzia kwao. Kwenye maziko ya waziri wetu mkuu walijipaka vitunguu machoni wakalia kuliko wafiwa. Hemedi akayajaza yote, na karatasi ikaonekana nzito na ya kuheshimika.

Kwa kuwa Tandabui ni nchi inayofuata taratibu za ujirani mwema, ikaandikwa barua kwa Patashika kuwaomba ridhaa. Jibu likaja baada ya wiki mbili, limechapwa vizuri. "Tumepokea maombi yenu ya kutufanya adui. Tumefarijika sana kukumbukwa. Hatuna pingamizi, ila tunaomba tusipigwe siku ya gulio wala wakati wa mitihani, na mwaka wa fedha ujao nasi mtukubalie tuwafanye nyinyi." Kamati ilipiga makofi. Waziri alisema hiyo ndiyo diplomasia, na watu wa kamati wakaomba nakala wakaonyeshe nyumbani.

Likabaki swali la tatu: Mahali mharibifu anapoonekana zaidi. Eleza kwa ukamilifu.

Hakuna mjumbe aliyewahi kufika Patashika. Waziri alikuwa ameipita juu kwa juu, ndani ya ndege, akiwa amelala. Ndipo Hemedi, ambaye kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuulizwa jambo lolote na kamati, akainua mkono.

"Mheshimiwa, mimi nimefika. Mji wa Kivumbi, pale mpakani."

Watu kumi na wanne wakageuka kumtazama. Waziri akamwita "Mzee Hemedi," akamvutia kiti. Jamani, moyo ulimwenda mbio kwa furaha. Alisahau hata kinachozungumzwa. Akaeleza kama mnavyoeleza nyinyi mgeni anapouliza njia.

"Kivumbi ni karibu. Ukishuka stendi, unafuata ile barabara ya vumbi mpaka penye mashine ya kusaga. Hapo unapinda kushoto. Unapita msikiti mdogo, unaiacha nyumba ya fundi baiskeli, halafu mbele yako utaona nyumba yenye bati la bluu, mlango wa kijani, mpapai uani. Huwezi kupotea."

"Huwezi kupotea!" alirudia Waziri kwa furaha. "Mmesikia? Hiyo ndiyo taarifa ya kijasusi. Andika hivyo hivyo." Fomu ikapigwa muhuri mara nne, ikapelekwa kwa wauzaji ng'ambo, na mtaalamu wao akaliwekea kombora njia yake: stendi, mashine ya kusaga, kushoto, bati la bluu.

Mzigo ukiwa njiani, Jumamosi moja mchana Hemedi alimsimulia mkewe, Bi Havijawa, aliyekuwa anaanika nguo uani. Alisimulia kwa madaha, na sauti ya Waziri akaiiga.

"Kwa hiyo ukawaambia wapinde kushoto penye mashine ya kusaga," alisema Bi Havijawa, shuka mkononi.

"Nikawaambia."

"Waipite nyumba ya fundi baiskeli."

"Waipite."

"Nyumba yenye bati la bluu na mlango wa kijani."

"Na mpapai. Usisahau mpapai. Mpapai umemfurahisha sana Mheshimiwa."

Bi Havijawa akaiweka shuka chini taratibu, kwenye mchanga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. "Baba Sikudhani," alisema, "hiyo nyumba ni ya nani?"

Ilikuwa nyumba ya Sikudhani, binti yao wa pekee, aliyeolewa Kivumbi miaka saba iliyopita. Humo ndani walikuwamo mumewe, mama mkwe wake asiyeweza kutoka kitandani, na wajukuu wao wawili. Bati la bluu walilinunua wao, Hemedi na mkewe, wakalipeleka kama zawadi.

"Yaa Rabbi," alisema Hemedi, akakaa kwenye beseni la maji.

"Kaa humo humo," alisema Bi Havijawa, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Ukishatota vizuri, inuka ukamtoe mwanangu kwenye karatasi yako."

Kwanza walimpigia simu Sikudhani. Bi Havijawa alimweleza yote, tangu panya hadi mpapai. Upande wa pili kikasikika kicheko, kisha kicheko cha mkwe wao, kisha cha majirani waliokuwa wameitwa waje wasikie. "Mama, mwambieni baba safari hii ametuweza," alisema Sikudhani akifuta machozi ya kucheka. "Kombora! Mume wangu anasema lije tu, tutalipikia chai." Ndiyo hasara ya kuwa watani: ukweli wako wote wanauchukulia mzaha. Wakabembelezwa wahame hata kwa wiki moja, wakazidi kucheka, na mama mkwe kitandani akatuma salamu kwamba yeye anapenda kombora la nazi.

Jumatatu Hemedi alikwenda kwa mtaalamu wa ng'ambo, aliyekuwa amekwisha kufika na mzigo. Mtaalamu alimwambia kwamba kubadilisha njia ya kombora ni kazi ya nusu saa, na bisibisi anayo mfukoni, ila hawezi kugusa bila karatasi. Hemedi akaenda kwa Waziri kuomba karatasi.

"Fomu ikishapigwa muhuri, adui habadilishwi mpaka mwaka wa fedha ujao," alisema Waziri.

"Mheshimiwa, ni nyumba ya mwanangu."

Waziri akasimama, akatembea mpaka dirishani. "Bwana Hemedi, umenisikitisha. Leo tukibadilisha adui kwa sababu ni binti yako, kesho si tutaambiwa serikali hii ina upendeleo wa kindugu?" Hayo aliyasema mbele ya katibu wake, dereva wake na mpiga tarumbeta wake, ambao wote watatu walikuwa wapwa zake. "Isitoshe, ni sherehe tu. Mtukufu Rais atabonyeza kitufe, watu watashangilia, basi."

"Akibonyeza, si litakwenda?"

"Sasa wewe ulitaka tununue lisilokwenda?"

Maana hivyo ndivyo ilivyo desturi ya Tandabui. Kitu cha serikali hakihesabiki kuwa kimenunuliwa mpaka mgeni rasmi akijaribu mbele ya wananchi. Bomba la maji analifungua akanawa, trekta analiendesha hatua kumi, wodi ya wazazi anajilaza kidogo kitandani. Hakuna aliyejiuliza kama kombora nalo ni la kujaribiwa hivyo, kwa sababu ratiba ilikuwa imekwisha kuchapwa: saa tano na nusu, hotuba, saa tano na dakika arobaini, kubonyeza kitufe, saa tano na dakika arobaini na tano, kwaya.

Hemedi hakula siku mbili. Siku ya tatu akaingia kwenye kabati la chini kabisa, lile la mafaili ya enzi zile, akachomoa Fomu Namba Tisa ya asili, iliyopigwa chapa kabla yeye hajazaliwa. Akaigeuza. Fomu ilikuwa na upande wa pili! Mashine ya wizara, ambayo tangu ilipoletwa hutoa nakala ya upande mmoja tu, ilikuwa imewaficha maafisa wote upande ule. Palikuwa na swali moja, limeandikwa kwa wino mwekundu: Je, kuna watoto, mifugo au kisima jirani na mahali sumu itakapowekwa? Uliza mkazi wa hapo. Ikiwa NDIYO, ni marufuku kutumia.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Kombora lilikuwa limesimamishwa katikati, limezungushiwa utepe, limevishwa kilemba cha rangi za bendera, na akina mama walikuwa wamevaa kanga zenye picha yake. Mtukufu Rais alihutubia dakika hamsini. Alisema kombora hili ni la amani, ni la maendeleo, ni la akina mama na vijana. Kisha kitufe kikaletwa juu ya mto wa hariri, na kidole cha Rais kikainuliwa.

"Mtukufu Rais!" ilisikika sauti. "Fomu haijajazwa!"

Ilikuwa ya Hemedi. Alikuwa anapanda ngazi za jukwaa, fomu kifuani. Aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Aliogopa mpaka jasho lilikuwa linadondoka kwenye viatu. Walinzi wangemkamata, lakini katika Tandabui neno "fomu" humsimamisha hata mlinzi. Rais mwenyewe alikirudisha kidole.

"Jaza upesi uondoke," Waziri alimnong'oneza akiwa ameuma meno. "Andika hapana."

Na hapo, ndugu zangu, Hemedi alikumbuka mengi aliyowahi kuandika kwa sababu aliambiwa aandike. Aliwahi kuandika "vimefika kamili" kwa viatu elfu vyote vya mguu wa kushoto. Aliwahi kuandika "vinafaa" kwa vyandarua vinavyopitisha kunguru. Safari hii kalamu ilikataa.

"Fomu inasema niulize mkazi, Mheshimiwa," alisema, na kabla hajazuiwa akawa amekwisha kubonyeza simu yake. Kipaza sauti kilikuwa karibu, na uwanja mzima ukasikia inavyoita.

"Haloo? Babu!" Ilikuwa sauti ya Tatu, mjukuu wake wa miaka mitano. "Mama anafua. Babu, bata ametotoa!"

"Tatu," alisema Hemedi. "Hapo nyumbani kuna watoto?"

"Nipo mimi. Na Shabani. Na watoto wa shangazi, wamekuja kuangalia bata. Na watoto wa fundi baiskeli, lakini hao wanashika shika. Babu, na vifaranga nao ni watoto?"

Uwanja ukacheka. Rais, ambaye hupenda kuwapo panapochekwa, akaichukua simu. "Hujambo, binti. Hapa ni Rais."

"Rais wa nini?"

Uwanja ukacheka tena, kisha ukanyamaza haraka kwa adabu. Rais akakohoa. "Rais wa Tandabui."

"Aa, kwa kina babu! Baba kasema mnatuletea kitu kikubwa leo, kinakuja kwa juu. Mama kafagia uwanja. Ni zawadi?"

Hakuna aliyecheka. Akina mama waliovaa kanga za kombora walianza kujitazama nguo zao, na mmoja akasikika akisema, "Mwanangu mimi." Rais alikiangalia kidole chake kana kwamba amekabidhiwa na mtu mwingine. Alikuwa na wasemaji watatu na waandishi wa hotuba saba, na wote kumi walikuwa wanatazama viatu.

"Ni... tutakujulisha," alisema Rais, akairudisha simu. Kisha akajivuta, akatafuta sauti yake kubwa, akaipata. "Wananchi! Tandabui haipigi watoto! Haijawahi, na wala fomu hairuhusu! Naagiza itafutwe sehemu isiyo na mtoto, mfugo wala kisima, na kombora lielekezwe huko. Kwaya!"

Kwaya ikaimba. Hemedi akakaa pale pale kwenye ngazi akalia, na hakujali nani anamwona.

Ikaundwa kamati ya kutafuta mahali hapo, Hemedi akawa katibu wake, na ilitafuta kweli. Ilikwenda jangwani, ikakuta watoto wanachunga mbuzi. Ilikwenda kileleni mwa mlima, ikakuta shule ya msingi imekuja matembezi, na wakagawiwa maandazi. Ilikwenda kwenye kisiwa cha mawe ziwani, ambako mlinzi wa taa alikuwa na mapacha. Ilibisha hodi hata Wizara ya Vita ya Patashika, ikapokelewa vizuri, ikaonyeshwa chumba wafanyakazi wanamoacha watoto wao, na nyuma yake banda la kuku. Miezi minane ikapita. Kila alipoandika NDIYO, Hemedi alirudi nyumbani akala vizuri.

Mwezi wa tisa Baraza la Mawaziri likaita taarifa. Hemedi alisimama mwisho wa meza ndefu, akafungua karatasi zake.

"Mtukufu Rais, tumezunguka kote. Tumepata mahali pamoja tu panapokidhi fomu. Watoto hawaruhusiwi kukaribia, wanafukuzwa na walinzi. Mfugo haujawahi kukanyaga. Kisima kilikuwepo, kikafukiwa ili pajengwe maegesho ya magari. Tumepima, tumeuliza wakazi, tumerudia mara tatu."

"Safi kabisa!" alisema Waziri wa Ulinzi na Sherehe, akisimama. "Ni wapi huko?"

"Ni ukumbi huu, Mheshimiwa."

Waziri wa Ulinzi akakaa, polepole.

"Na mtaalamu," aliuliza Rais, "anasema kubadilisha njia kunachukua muda gani?"

"Nusu saa, Mtukufu. Nilikuwa namalizia kumjazia karatasi. Yuko hapo nje, na bisibisi anayo."

Katika historia ya Tandabui hakuna hoja iliyowahi kupita haraka kama ile. Mawaziri ishirini na sita walinyanyua mikono kabla haijasomwa, wengine miwili miwili, kwamba Tandabui ni kisiwa cha amani, kwamba makombora ni mambo ya kishamba, na kwamba hili lifunguliwe vyuma vyake siku hiyo hiyo, kuanzia kichwani. Waziri wa Ulinzi aliomba mtaalamu aitwe ndani akae wanakomwona, na ile bisibisi waishike wao.

Ikabaki fomu ya kufutia mali ya serikali. Waziri alimwamuru Hemedi ajaze sehemu ya sababu, akamsomea: kwa kuzingatia hekima, busara, utu, na maono mapana ya uongozi wetu. Lakini nafasi yenyewe ilikuwa fupi, ya neno moja tu. Hemedi akaitazama, akafikiri, akaandika: "Tumeogopa." Waziri akaitia sahihi bila kuisoma.